Mgongo wa Ntate Letlatsa

Mapuleng alikuwa na mkono wa kusiriba. Sisemi hivyo kwa kuwa alikuwa jirani yangu. Hata wanawake waliomchukia walikuwa wakipita kwake kila mwezi wa tano wakijifanya wanatafuta kuku, kumbe wanatazama ukuta. Huku kwetu milimani, kabla baridi haijaingia, kila mwanamke huikandika nyumba yake upya. Unaziba nyufa zilizoletwa na mvua, unachanganya udongo mwekundu wa mtoni na samadi mbichi, unapaka nje na ndani, kisha unachora kwa vidole kabla udongo haujakauka. Mimi michoro yangu hufanana na njia ya mlevi anayerudi nyumbani. Yake ilikuwa mashamba yaliyolimwa, mstari kwa mstari, na ukipitisha kiganja ukutani huoni pa kuingiza hata sindano.

Alisiriba nyumba mbili kila mwaka. Moja ni ya pembe nne, ya bati, aliyojengewa na mumewe Mokete kabla hajaenda kwenye migodi ya dhahabu na kuyeyukia huko. Barua haikuja, maiti haikuja. Wengine wanasema alifukiwa shimoni. Mimi nasema ana mwanamke huko Welkom, na kitambi. Nyumba ya pili ni ya duara, ya mawe, paa la nyasi, na humo alilala baba mkwe wake, Ntate Letlatsa. Puleng, binti wa Mapuleng na Mokete, alikuwa anashona suruali kiwandani Maseru na kurudi Krismasi tu. Kwa hiyo mji ule ulibaki na watu wawili, mkaza mwana na mkwewe, pamoja na ng'ombe mmoja mzee kama yule mkwe.

Waliishi kwa adabu ya zamani, ile ambayo wasichana wa siku hizi wanaicheka. Tangu aolewe, Mapuleng hakulitamka jina la mkwewe hata mara moja. Hakumpita mbele bila kujifunika blanketi mabegani. Zizini hakukanyaga, maana zizi ni la wanaume, na mke wa mtu havuki lango lake hata ng'ombe akiwa anazaa ndani na anakufa. Samadi kavu ya kuwashia moto alitupiwa nje ya ukuta na mume wangu Tsietsi. Mzee naye hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ya bati, kwa sababu humo analala mke wa mwanawe. Chakula chake kiliwekwa mlangoni. Mapuleng anapiga goti, anatua bakuli, anasema, "Ntate," yaani baba, anaondoka.

Mgeni angedhani hawapendani. Lakini Mokete alipopotea, ndugu zake walikuja na maneno yao: mwanamke huyu arudi kwao, mume hayupo, anakaa hapa kama nani? Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, akagonga fimbo chini. "Huyu ni mwanangu," akasema. "Yule aliyepotea ndiye mgeni." Wakaondoka hawajanywa hata maji. Mapuleng alisikia yote akiwa nyuma ya ukuta, na tangu siku ile nadhani hakuna kazi ambayo mzee yule angemwagiza akaona nzito.

Sasa, methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Ukuta wa Ntate Letlatsa haukuwa na ufa. Shida ilikuwa juu.

Paa la nyasi linaishi kwa moshi. Moto wa samadi ukiwaka katikati ya nyumba, moshi unapanda, unazipaka nyasi masizi, wadudu wanakimbia, maji yanateleza. Lakini kifua cha mzee kilipoharibika, nesi wa zahanati alisema moshi basi, wakanunua jiko la mafuta ya taa. Nesi hakukosea. Kifua kilipata nafuu na paa likaanza kufa. Baridi ya kwanza nyasi za kileleni zikawa nyeusi. Baridi ya pili zikaoza. Mwaka ninaousimulia, ukilala chali katika kitanda cha mzee ungeweza kuhesabu nyota, na yeye alilala na beseni juu ya blanketi.

Mapuleng alifanya yaliyo ya mwanamke. Alipanda vilimani na mundu, akakata nyasi za kuezekea, akazifunga matita na kuyasimamisha ukutani yakauke. Mimi na yeye tulisokota kamba mpaka viganja vikachubuka. Kilichobaki kilikuwa cha mwanamume, yaani kupanda juu na kuezeka. Na wanaume wenye nguvu wa kijiji chetu wako kwenye mashimo ya watu wengine.

Fundi wa kuezeka tulikuwa naye mmoja tu, Sekoati. Mtu wa maneno matamu na ndevu zilizochanwa. Alikunywa pombe ya mtama ya Mapuleng mwezi wa tatu, akaahidi. Akanywa ya mwezi wa nne, akaahidi tena. Siku moja tulimkuta njiani, Mapuleng akamsimamisha mbele ya watu.

"Ntate Sekoati, nyasi zimekauka. Unakuja lini?"

"Wiki ijayo, Mama Mapuleng. Mungu akipenda."

"Wiki iliyopita Mungu hakupenda?"

Watu wakacheka. Sekoati naye akacheka, hana haya. "Alipenda, mama. Lakini wazungu wa hoteli walipenda zaidi."

Ilikuwa kweli. Bondeni walikuwa wanajenga hoteli ya watalii, vibanda vya duara kama nyumba zetu, ili mtu atoke mbali alale chini ya nyasi na kuwapigia picha buibui. Sekoati alikuwa juu ya vibanda vile kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hadi leo nikiona paa la hoteli ile natema mate.

Tsietsi wangu aliumia rohoni. Mguu wake mmoja ulibaki mgodini, na kila akipita kwa mzee anatazama juu, anatikisa kichwa. "Ningekuwa na miguu yangu ningepanda leo," aliniambia.

"Ungekuwa na miguu yako ungekuwa kilabuni," nikamwambia. Lakini nilijua anasema kweli.

Mapuleng akatandaza nailoni juu ya paa kwa kuirusha na mti mrefu, akining'iniza mawe kwenye kamba pembeni. Upepo uliichukua usiku uleule, tukaiona asubuhi ng'ambo ya mto imekumbatia mwiba. Mwanzoni mwa mwezi wa sita ikaja theluji nyepesi, ile ya kubisha hodi. Haikudumu. Lakini iliyeyuka ikaingia kwa mzee, ikajaza beseni na kumwagika, na siku zile alikohoa mpaka tukawa tunamsikia kwetu. Redio ikasema kubwa inakuja. Nesi alikuwa ameshamwambia Mapuleng wazi: huyu akilowa tena, baridi hii haimalizi.

Basi Mapuleng akaja kwangu, amejifunika blanketi mpaka puani.

"Malineo, napanda mwenyewe."

"Unapanda wapi?"

"Juu. Twende nikamwombe. Peke yangu sitaweza kulisema."

Tukaenda. Alipiga goti mlangoni kama kawaida yake, mimi nikasimama nyuma, maana mimi si mkwewe, nina uhuru wa mdomo.

"Ntate," akasema akitazama chini, "naomba nipande. Nyasi ninazo. Nimewaona wanaume wakiezeka tangu nikiwa mtoto."

Mzee alikohoa kwanza. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu, tangu lini mke wa mwanangu akasimama juu ya kichwa changu? Nikifika kwa waliotangulia niwaambie nini? Kwamba nililala chini ya nyayo za mkwe?"

"Waambie ulilala pakavu, Ntate!" nikadakia.

"Malineo, mdomo wako hauna mlango."

"Na nyumba yako haina paa."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu. Mapuleng alikuwa anauma pembe ya blanketi. Kilipotulia nikasema basi njoo ulale kwetu, Ntate, mpaka theluji ipite. Akaniuliza kama nina wazimu. "Kwenu kuna kelele," akasema. "Na kuna Tsietsi." Jambo la kwenda nyumba ya bati hakuna aliyethubutu hata kulitaja.

Tulikuwa tumeshageuka kuondoka aliposema, kama anayezungumza na ukuta, "Kesho hakutakuwa na upepo."

Tukasimama.

"Ng'ombe wangu amenisahau. Nataka nikae naye zizini, tangu jua linapotoka." Akavuta pumzi. "Mtu akiwa zizini, akaipa nyumba mgongo, hajui nyumbani kunafanyika nini."

Mapuleng aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kizingiti. "Ndiyo, Ntate," akasema. Tulipofika nje machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka. Mimi pia nilifurahi, sikatai. Mzee alikuwa amepata mlango pasipo na mlango, na heshima ya kila mtu ilikuwa imebaki mahali pake.

Asubuhi hapakuwa na upepo kweli. Baridi kali, lakini jua. Mzee alikunywa uji mchachu wa mtama, bakuli zima, akavaa blanketi lake zuri, lile la sikukuu, na kofia yake ya nyasi. Umbali wa kufika zizini si mkubwa, lakini alikuwa hajautembea tangu majani ya miti ya mipopla yaanze kuanguka. Katikati ya njia magoti yalikataa. Akanyoosha mkono, akamshika Mapuleng begani. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuwaona wakigusana. Walikwenda hivyo, pole pole, hakuna aliyemtazama mwenzake, mpaka kwenye lango. Hapo akamwachia. Mapuleng akarudi nyuma, mzee akaingia peke yake akishika ukuta wa mawe, akakaa juu ya jiwe bapa lililopigwa na jua, bega limeegemea ukuta, uso kwa mlima, mgongo kwetu. Ng'ombe akaja kumnusa.

Tsietsi alikuwa ameenda kinu na punda, kurudi jioni. Nilimwambia angoje, akasema unga umekwisha, na kweli ulikuwa umekwisha.

Mapuleng akapanda. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sketi ameifunga katikati ya miguu, sindano ya mti ya kuezekea mdomoni. Nilikuwa chini nikimrushia matita na kuvuta kamba kutoka ndani anapoichomeka. Kwanza aliezua kileleni, uozo ukaanguka ndani kama samadi ya kuku, na wadudu humo wanene, weupe. Kisha akaanza kupanga mpya, tita juu ya tita, anapigapiga kwa ubao zilingane, anakaza. Nilimwuliza alijifunzia wapi. "Kwa macho," akasema. "Sekoati alidhani pombe yangu ilikuwa ya bure? Kila akinywa nilimfanya anionyeshe fundo, nikamtazama mikono." Tulicheka sana siku ile. Tulimwimba Sekoati, ndevu zake na wazungu wake. Sauti tuliziweka chini, mzee asisikie kwamba kuna mtu yuko juu.

Na kila mara mmoja wetu alitupa jicho zizini. Yuko palepale. Mgongo umenyooka, kofia imenyooka, hajageuka hata kidogo.

"Tazama anavyokustahi," nilimwambia. "Wengine wangechungulia."

"Huyo?" Mapuleng akasema, na uso wake ulikuwa na fahari. "Huyo hachungulii."

Mchana jua liliuacha ukuta wa zizi, na upepo ambao mzee alisema hautakuwapo ukaja, mwembamba, kutoka kwenye theluji ya vileleni. Vidole vyangu vikaanza kufa.

"Mapuleng, yule hapati baridi?"

Alisimamisha kazi. Akatazama zizini. "Nikimwita atageuka," akasema. "Akigeuka atakuwa ameniona juu ya nyumba yake. Yote haya yatakuwa bure."

"Nimwite mimi?"

"Atageuka vilevile, Malineo. Imebaki sehemu ndogo. Acha nikaze kilele, nishuke, ndipo twende."

Lilikuwa jambo la akili, nami nilikubaliana nalo. Tukaongeza kasi. Wakati anafunga kilele, upepo ulipiga kwa nguvu ukaivua kofia ya mzee. Tuliiona sote wawili. Ilibiringika zizini kwa ukingo wake, ikapita miguu ya ng'ombe, ikagonga ukuta wa upande wetu, ikalala. Mzee hakugeuza kichwa. Mvi zake zilipepea tu.

Mapuleng alicheka kwa upendo, akafuta kamasi kwa mkono. "Umemwona? Hata kofia yake haifuati, isije ikamgeuza. Mkaidi yule. Mungu wangu, mkaidi yule!"

"Wanaume kama hao wamekwisha," nikasema.

Akafunga fundo la mwisho. Akashuka. Wala hakwenda moja kwa moja. Alitaka mzee akiingia akute kila kitu kimekaa sawa, asione hata unyasi mmoja chini wa kumfanya aulize. Akafagia. Akamwaga beseni, akaliosha, akalifunika. Akageuza godoro upande mkavu, akatandika, akawasha jiko, akapasha uji. Nyumba ile ilinukia nyasi mpya na udongo. Tulisimama katikati tukatazama juu. Hapakuwa na tobo hata la ukubwa wa mtama.

Ndipo akaenda kwenye lango la zizi, akajifunika mabega, akapiga goti.

"Ntate. Uji umeiva."

Mgongo haukusogea.

"Ntate, tafadhali. Kumeshakuwa baridi."

Ng'ombe alikuwa amelala ubavuni mwake, amemkinga upepo, na blanketi la mzee upande wa pili lilikuwa limejaa vumbi la zizi kama kitu kilichosahauliwa nje. Mimi nilielewa kabla yake. Nilijua kwa sababu ya mkono. Ulikuwa umening'inia kwenye jiwe, kiganja kimefunguka, na baridi yote ile haikuufanya ujikunje.

Nilipiga kelele kuita mwanamume. Mwanamume yeyote. Milima ikanirudishia sauti. Tsietsi alikuwa bado mbali na punda wake, na juu ya vibanda vya hoteli hakuna anayemsikia mtu wa huku mlimani.

Mapuleng alinyanyuka. Akatazama fito za lango. Halafu akazitoa, moja moja, akaziweka chini kwa upole, na akaingia zizini. Hakukimbia. Alikwenda akazunguka mbele ya mzee, akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama usoni.  Kisha akaokota kofia, akaipangusa vumbi, akamvika. Akamweka mgongoni, mgongo wake mwenyewe, akafunga blanketi la sikukuu juu yao wote wawili, akamtoa nje. Alikuwa ameganda katika ule ule mkao wa kukaa. Tangu saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nadhani ni tangu kabla ya kofia.

Wanaume walipatikana sasa. Walijaa. Walikaa kwenye baraza la kijiji, na usidhani walijadili paa. Walijadili nyayo za mwanamke zizini. Ndugu wa Mokete walikuwapo, wale wa zamani, wakiulizana kwa sauti anakaa hapa kama nani. Sekoati alitoka hotelini akiwa na ndevu zake, akasema mila ni mila. Tsietsi akamnyooshea gongo lake la kutembelea. "Wewe nyamaza," akamwambia, "au nikupige kwa mguu nilionao." Hata hivyo waliamua: ng'ombe yule achinjwe kulitakasa zizi. Mapuleng hakutetea kitu. Alikuwa amekaa na wanawake, anatazama mikono yake iliyochanwa na nyasi.

Theluji kubwa ikaja siku ya mkesha. Ilianguka mchana kutwa, kimya, mpaka kuta za zizi zikapotea. Jeneza tuliliweka ndani ya nyumba ya duara, katikati, pale palipokuwa pa moto, na waombolezaji wakabanana kuzunguka ukuta uliochorwa mashamba. Puleng alikuwa amefika akiwa na viatu vya mjini vilivyolowa. Nilimwona Sekoati amekaa karibu na mlango, macho juu, anatafuta. Alitafuta kilele, alitafuta viungo, alitafuta pale kamba inapoingia. Theluji ilikuwa imelala juu ya paa lile kimo cha goti. Akainamisha uso.

Wakati wa chakula Mapuleng alipakua uji wa mtama, akatoka nao nje, akazunguka kwenye theluji, akarudi mlangoni. Hakuingia. Alipiga goti pale pale alipopiga siku zote, akalitua bakuli kwenye kizingiti, watu wote wakageuka kumtazama.

"Ntate," akasema. "Ndani pakavu."